Mwaka Tuliodhani Mvua Hula Mtandao

Mama Chebet tulimzika Alhamisi, juu kidogo ya soko la Chepilat, kwenye shamba ambalo majani chai yameikaribia nyumba hivi kwamba wageni tulisimama katikati ya mistari, viatu vikilowa. Waliopewa nafasi ya kuongea walimtaja kama mama wa kanisa, mama wa ng'ombe wa maziwa, mama aliyekopesha watu dawa ya kupe bila kuwaaibisha. Hakuna aliyetaja kompyuta. Nilipoenda kuketi chini ya hema nilipewa kiti cha plastiki karibu na mwanamume wa koti la kijivu, na kabla hajageuka nikamjua. Kirui alikuwa amefika kutoka Kanada siku iliyotangulia. Nywele zake zimepungua, zangu zimeingia mvi. "Chamgei, Kemunto," akasema, kama mtu aliyeniacha jana jioni. Nikamjibu, "Chamgei mising," na Kipsigis changu kikamchekesha kama zamani. Kisha tukanyamaza, maana mchungaji alikuwa ameanza, na katika kunyamaza kule mwaka wetu wote ukanirudia.

Sitaeleza nilikotoka wala kwa nini nilikuja kufanya kazi upande ule wa mpaka wa Wakisii na Wakipsigis. Itoshe kusema nilikuwa nimemaliza cheti cha kompyuta, nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na Mama Chebet alikuwa akitafuta msichana wa kusimamia saiba, chumba cha watu kulipia mtandao. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa plywood. Mbele ilikuwa agrovet, duka la dawa za mifugo, na Kirui ndiye muuzaji. Nyuma kulikuwa na kompyuta chache zilizotolewa katika ofisi fulani ya Kericho zilipozeeka, na huko ndiko nilikokaa. Chumba changu kilinuka chumvi ya ng'ombe na dawa ya minyoo. Hata leo nikipita kwenye duka la mifugo nasimama kidogo mlangoni, na wenye duka hudhani nataka kununua kitu.

Plywood ile haikuzuia sauti yoyote. Siku nzima nilimsikia Kirui akihudumia wakulima, na nadhani nilimpenda kwanza kwa masikio. Mzee mmoja aliingia akasema, "Kirui, ng'ombe yangu inakohoa." Kirui akamuuliza, "Inakohoa kama ng'ombe ama kama mtu?" Mzee akafikiri vizuri kabisa, kisha akasema, "Kama hedimasta." Kirui hakucheka. Aliuliza kama hedimasta huyo anakula vizuri, kama macho yake yanatoa maji, kama analala chini mchana, na mwisho akampa dawa na kumwambia asimpe ndama maziwa ya ng'ombe yule kwanza. Alikuwa na namna hiyo ya kuuliza polepole hadi ugonjwa ujitokeze wenyewe. Nilijifunza kuuliza kompyuta maswali kwa kumsikiliza yeye akiuliza habari za ng'ombe.

Mchana Mama Chebet alikuja na chakula kwenye hotipoti: ugali uliokazwa vizuri, mursik, yale maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu, na mboga chungu iliyolazwa kwenye maziwa. Tulikula tukiwa tumezunguka kaunta, tukisogeza mizani pembeni. Kila siku kulikuwa na ubishi uleule kuhusu mboga. Kwetu ni chinsaga, kwao ni isagek, na kila upande ulidai wenzao waliiga. "Kirui, kula polepole," Mama Chebet alimwambia. "Ukizidisha hii ya Wakisii utaanza kuongea mbio kama huyu." Nikamwambia, "Mama, afadhali mbio. Huyu akianza kusema jambo asubuhi, tunamaliza kulisikia jioni." Kirui alitafuna, akameza, akanywa mursik, ndipo akasema, "Lakini jioni bado mnakuwa hapa mkisikiliza." Mama Chebet alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi wawili," akasema, "sijui mnauza dawa ama mnauziana macho." Sisi wawili tukainama kwenye sahani. Hilo ndilo jambo la wazi zaidi lililowahi kusemwa kutuhusu, na halikusemwa na mmoja wetu.

Sasa naomba unisikilize kidogo kuhusu kompyuta, na kama hujawahi kuzifungua usiogope, kwa maana jambo lenyewe ni rahisi kuliko linavyosikika. Kompyuta hazijuani kwa majina. Zinajuana kwa namba. Wewe unaandika jina la tovuti, nayo mashine inahitaji kumuuliza mtu: huyu mwenye jina hili, namba yake ni gani? Huyo anayeulizwa ni kompyuta nyingine, mbali huko, inayoitwa seva ya DNS. Nilipokuwa nikimweleza Kirui nilimpeleka kwenye kituo cha kupimia majani. Pale mkulima ana jina alilopewa na wazazi na namba aliyopewa na kiwanda. Gunia likifika, karani anajua kwamba Mama Chebet ni namba fulani, na bila karani majani yanabaki pale, ingawa mizani ni mizima, lori liko tayari na barabara haina shida. Seva ya DNS ndiye karani. Asipopatikana, mtandao uko, lakini hakuna anayejua namba ya mtu.

Fundi aliyetuunganishia mtandao alijua kwamba karani wa kampuni iliyotuuzia huduma alikuwa mlegevu, mara nyingi haitiki. Kwa hiyo aliniachia maagizo. "Kila asubuhi ukiwasha," alisema, "fungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, andika huu mstari." Mstari wenyewe ulikuwa neno nameserver, nafasi moja, kisha namba ya karani mwingine aliye bora. Namba yenyewe siiandiki hapa. Huenda leo ni ya mtu mwingine. Mstari huo uliingia ndani ya faili iitwayo resolv.conf, ambayo ndiyo kompyuta huisoma inapotaka kujua imuulize nani. Nilifanya hivyo kila asubuhi, mashine moja baada ya nyingine, kabla ya kufagia. Nilifanya kama mtu anavyosali kabla ya chai. Sikuuliza kwa nini iwe asubuhi.

Anayeijua nchi ile anajua mchana wake. Asubuhi ni jua safi, majani yanameta, wachumaji wanaimba. Chakula cha mchana kikishuka, wingu linatoka upande wa msitu wa Mau, na saa nane au saa tisa radi inaanza. Radi ya kwetu si ya mchezo. Ilikuwa imewahi kuchoma televisheni ya Mama Chebet pamoja na ukuta ilipopachikwa, na tangu siku hiyo alikuwa na sheria moja: ukisikia mngurumo, hata wa mbali, chomoa. Tulichomoa friji ya chanjo, taa, modemu, kompyuta zote. Wateja waliinuka bila kulalamika, kila mtu akishikilia waya wake, wakaenda kusimama kwenye varanda. Sokoni kote ilikuwa hivyo. Radi ikienda zake tulichomeka tena, mashine zikawaka, modemu ikawaka, na mtandao ukawa umekufa. Watu walitazama mvua wakatikisa kichwa. "Mvua imekula network," walisema, wakaenda nyumbani. Mimi pia nilisema hivyo. Nilikuwa na cheti na nilisema hivyo. Kesho yake asubuhi jua liliwaka, nikaandika mstari wangu, mtandao ukafufuka, na nani angetilia shaka kwamba mvua ndiyo mlaji?

Katikati ya mwaka Kirui alipata barua pepe. Chuo kimoja cha Kanada kilikuwa na nafasi ya udhamini wa kusomea udaktari wa mifugo, na jina lake lilikuwa miongoni mwa waliobaki. Alikuwa ameomba mara moja hapo nyuma akakosa, na sheria ya umri ilimaanisha hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho. Aliisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, mkono wake ukiwa kwenye egemeo, kisha akairudia tangu mwanzo. Wangemhoji kwa sauti kupitia mtandao. Asubuhi yao ilikuwa saa tisa yetu.

"Saa tisa," akasema.

"Nimeona."

"Kemunto, hawa watu wanataka kuongea na mimi saa ya mvua."

Mama Chebet alipendekeza aende Kericho. Alienda kuuliza, akarudi amenyeshewa. Saiba za huko zilikuwa na watu begani kwa bega, chuo kilitaka mhojiwa awe peke yake chumbani, na radi ya Kericho, alituambia akivua viatu, ni mama ya hii yetu. Aliandika kuwaomba wabadilishe saa. Walimjibu kwa upole kwamba wote watahojiwa asubuhi ya kwao, na asiyepatikana atahesabiwa amejiondoa. Kuanzia hapo hakutania tena wakati wa chakula. Alimpa mteja mmoja dawa ya kuku akidhani ni ya mbuzi, akamkimbilia barabarani. Mimi nilikuwa na haja mbili ndani ya kifua kimoja: nilitaka aipate nafasi ile kuliko nilivyowahi kujitakia kitu changu mwenyewe, na nilitaka Kanada iondolewe duniani.

Lililotuokoa ni radi isiyo na mvua. Siku moja ilinguruma vizuri sana upande wa Kimulot, Mama Chebet akapiga kelele zake, tukachomoa. Tukangoja kwenye varanda. Wingu lilizunguka huko mbali, likaenda kunyeshea watu wengine, na Chepilat ikabaki na jua na vumbi. Tukachomeka. Kirui aliingia kuangalia barua zake, akarudi akasimama mlangoni akiitazama mbingu.

"Network imekufa," akasema.

"Ni mvua," nikamjibu nikiwa nahesabu karatasi.

"Mvua gani?"

Nikaangalia nje. Kuku walikuwa wakioga vumbi katikati ya barabara. Kirui alivuta kiti akakaa kando yangu, akaanza kuniuliza kama alivyowauliza wenye ng'ombe. Imekufa kabisa ama inapumua? Nikafungua skrini nyeusi nikaandika ping, ambayo ni amri ya kugonga mlango wa kompyuta nyingine na kungoja iitikie. Niligonga kwa namba. Ikaitikia, mara moja, mara nyingine, bila taabu. "Kwa hivyo barabara ni nzima," akasema. Nikagonga kwa jina. Kimya, halafu mashine ikasema haimjui mwenye jina hilo. "Kwa hivyo ni karani," akasema Kirui. "Karani hayuko." Nikafungua ile faili nisome imwulize nani. Mstari niliouandika asubuhi haukuwemo. Mahali pake palikuwa na namba ya yule karani mlegevu wa kampuni.

Hapo nikaelewa, na naomba nikueleze kama nilivyomweleza yeye. Kompyuta ikiwaka, inaiuliza modemu: mimi ni nani hapa, na nikitaka majina nimwulize nani? Modemu inajibu kwa kutaja karani wa kampuni, na kompyuta, kwa utiifu, inafuta chochote kilichokuwa ndani ya faili na kuandika jibu hilo. Kila kuwasha ni kufutwa. Fundi alisema asubuhi kwa sababu kwake mashine huwashwa asubuhi tu. Hakuwa mtu wa huku, hakujua kwamba sisi huwasha mara mbili. Mvua haikuwa imekula chochote. Sisi wenyewe, kwa kuchomoa waya kwa ajili ya radi, ndio tuliokuwa tukifuta mstari, kila siku, halafu tukiisingizia mbingu.

Niliuandika ule mstari tena palepale. Mtandao ukarudi. Kirui alicheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia kwa wiki nyingi, na Mama Chebet akaja kuuliza ni ng'ombe gani amezaa mapacha. Tulipomweleza, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Na ile miezi yote nimekuwa nikiombea mvua ipungue, na mimi ni mkulima wa majani."

Lakini kuuandika tena hakukutosha. Siku ya mahojiano radi ingeweza kupiga dakika yoyote, stima ingeweza kukatika na kurudi, na Kirui angekuwa peke yake chumbani, asiyejua skrini nyeusi. Nilitaka mashine iamke yenyewe ikijua pa kuuliza. Kuna faili nyingine, dhclient.conf, inayosimamia mazungumzo kati ya kompyuta na modemu. Ndani yake unaandika neno supersede, kisha domain-name-servers, kisha namba ya karani unayemtaka, na mwisho nukta-mkato. Maana yake ni hii: modemu ikikutajia karani mwingine, isikilize kwa heshima, lakini shika huyu wangu. Jaribio la kwanza nilisahau ile nukta-mkato, na mashine ikapuuza kila kitu. Kama na wewe umewahi kukwama kwa alama ndogo kama hiyo, usijione mjinga. Kila anayefanya kazi hii ana hadithi ya alama yake. Nilipoirekebisha nilichomoa waya kwa makusudi, jua likiwaka, nikachomeka. Mashine ikawaka ikiwa na karani wangu. Nikachomoa tena. Nikachomeka tena. Kirui alisimama mlangoni akinitazama. "Inatosha, Kemunto," akasema kwa sauti ya chini. Nikamwambia nahakikisha tu.

Siku ilipofika, Mama Chebet alifunga saiba, akamletea Kirui koti la marehemu mumewe, ambalo mikono yake ilikuwa mifupi, ingawa waliomhoji hawangemwona. Mimi nilisimamia agrovet. Nilikuwa nimevuta waya wa mtandao hadi kwenye kaunta na kuweka mashine moja kati ya mifuko ya chumvi, ili niweze kuuangalia mtandao bila kuingia. Radi ilikuja mapema, kama iliyotumwa. Tukachomoa, tukangoja, Kirui akiwa amekaa gizani mbele ya skrini nyeusi isiyo na kitu. Iliposogea, ikabaki mvua tupu ya kupiga bati, tukachomeka. Mashine zikaamka taratibu, kama vizee. Sikuandika mstari wowote, nilianzisha ping tu kwenye mashine ya kaunta. Saa tisa nikasikia sauti ya simu ikilia ndani, na Kirui akisema jina lake kwa Kiingereza kilichopigwa pasi.

Nilisikia yote. Mvua ilikuwa na kelele lakini plywood ilikuwa upande wangu. Walimuuliza kuhusu kazi yake, naye akawaeleza ng'ombe wa mzee yule, bila kumtaja hedimasta. Walimuuliza angefanya nini na masomo yake, akajibu polepole, vizuri, na nikajua nafasi ni yake. Mteja aliingia kutaka chumvi. Nikampimia bila kusema neno, naye akaona uso wangu, akatoka akinyata. Kisha sauti ya mama mmoja, ya upole, ikasema kwamba masomo ni marefu na wengine hushindwa kwa upweke wakayaacha katikati. Je, kuna mtu nyumbani ambaye ingekuwa vigumu kumwacha?

Kirui hakujibu.

Kwanza nilidhani anafikiri, kwa sababu nilimjua. Halafu kimya kikazidi, na nikasema moyoni, imekatika. Niligeukia skrini yangu. Nilikuwa nimeiacha ikigonga mlango wa mbali kwa jina, na majibu yalikuwa yakipanda mstari juu ya mstari, kila moja kwa wakati wake. Karani alikuwepo. Barabara ilikuwa nzima. Mtandao haukuwahi kuwa mzuri namna ile Chepilat. Kile kimya kilikuwa cha Kirui mwenyewe. Nilishika ukingo wa kaunta. Ndipo nikamsikia akisema kwamba hapana, hakuna mtu.

Aliondoka kabla ya mwaka kuisha. Tuliandikiana mwanzoni mara nyingi, kisha mara chache, kisha salamu za Krismasi, kisha hata hizo zikaacha. Mimi niliolewa, nikazaa, nikafundisha kompyuta kwa watoto wa watu hadi nikaitwa mwalimu na watu nisiowajua. Nimewaambia wanafunzi wengi habari ya mvua na ule mstari, kwa sababu inafundisha vizuri, na kila mara nimeishia pale mashine inapoamka yenyewe.

Alhamisi ile, mchungaji alipomaliza na watu wakaitwa kwenye chakula, mimi na Kirui tulibaki kwenye viti vyetu. Aliuliza habari za watoto, nikauliza za wake. Kisha akatazama mbele, kule walikokuwa wakipakua wali.

"Ile siku ulikuwa unasikia?" akaniuliza.

"Ile plywood, Kirui. Nilikuwa nasikia hata ukimeza mate."

Akatikisa kichwa polepole. "Yule mama aliponiuliza swali lake, nilinyamaza nikingoja network ipotee. Si ilikuwa inapotea kila siku saa hiyo?"

"Ulijua nimeitengeneza."

"Nilijua. Bado nilingoja. Nilisema ikipotea tu, hata dakika moja, nitatoka nje nikuulize wewe nimjibu nini."

"Haikupotea," nikamwambia. Sijawahi kufanya kazi nyingine nzuri kama ile.